Ngazi Isiyofika Ghorofani

Vijana wangu, kaeni vizuri niwasimulie habari za ranchi ya makauboi ambayo nyumba yake ilijengwa ndani ya nyumba nyingine.

Ranchi hiyo iliitwa Ponderosa. Wenyewe walikuwa watu wanne wa ukoo wa Cartwright: mzee Ben na wanawe watatu, Adam, Hoss na Joe mdogo. Kila kijana alikuwa na mama yake, na mama wote watatu walikuwa wamekwisha kufariki kabla hadithi haijaanza. Waliishi milimani kando ya Ziwa Tahoe, mpakani mwa Nevada na California, miaka ya 1860, wakati watu wakimiminika Virginia City kuchimba madini ya fedha. Madini hayo yalivumbuliwa mwaka 1859. Miaka 100 baadaye, tarehe 12 Septemba 1959, kituo cha televisheni cha NBC kilianza kuonyesha tamthilia ya ukoo huo, Bonanza, na hakikuacha mpaka Januari 1973. Misimu 14, sehemu zaidi ya 400. Katika tamthilia za kauboi zilizoonyeshwa na mitandao mikubwa ya televisheni ya Marekani, ni Gunsmoke peke yake iliyoishi miaka mingi kuliko hiyo.

Hayo ndiyo aliyoyaona mtazamaji aliyeketi sebuleni kwake. Mimi nataka niwapitishe mlango wa nyuma, tuwaone waliofanya kazi.

Tuanze na nyumba. Kwenye kioo unaiona nyumba kubwa ya magogo. Ndani kuna sebule pana, mahali pa moto pa mawe, meza ya mzee Ben ya kuandikia, na ngazi ya mbao inayopanda kuelekea vyumba vya kulala. Joe anashuka ngazi hiyo mbio huku akivaa koti. Hoss anaipanda kwa kishindo. Ukitazama kwa miaka kadhaa unaweza kuapa kwamba unaijua ghorofa ya nyumba ile chumba kwa chumba.

Ghorofa haikuwapo. Ngazi iliishia kwenye jukwaa dogo ambalo kamera haikulifikia, na mwigizaji alisimama pale juu akingoja kuambiwa ashuke. Chumba cha kulala kilipohitajika, kilijengwa mahali pengine kama seti ya peke yake. Mwaka 1967 palifunguliwa bustani ya burudani huko Incline Village, kando ya Ziwa Tahoe lenyewe, ikajengwa nyumba ya Ponderosa kwa ajili ya wageni, na nyumba hiyo nayo ilikuwa na ngazi isiyokwenda popote. Bustani ilidumu mpaka mwaka 2004, na miaka yote hiyo walikuja watu waliotaka kupanda kwenda kuona chumba cha Hoss.

Seti ya asili ilikuwa Hollywood, ndani ya studio za Paramount, na hata ua wa mbele ulikuwa ndani ya jengo. Udongo uliletwa ukamwagwa sakafuni. Misonobari ilisimamishwa pale ambapo isingeweza kuota. Mkipata nafasi ya kutazama sehemu za zamani, fumbeni macho wakati Ben na wanawe wanazungumza mbele ya nyumba, msikilize. Sauti ya mtu aliye nje husambaa ikapotea. Sauti zao hugonga ukuta zikarudi kidogo, kama za watu walio kwenye ukumbi. Jicho limeshadanganyika, lakini sikio likipewa nafasi linajua. Na watu wakishatoka kwenye ua ule kwa farasi, picha inayofuata ni ya porini kweli, kwenye jua la kweli, na sauti zinabadilika ghafla. Hapo ndipo mahali pawili palipounganishwa kwa mkasi wa mhariri.

Sasa, kwa nini kujisumbua hivyo? Kwa nini mtu amwage udongo ndani ya jengo, na huku California ina ardhi tele? Sababu ni muda, na muda studioni ni pesa. Ndani ya jengo hakuna mvua, hakuna ndege inayopita juu na kuharibu sauti, hakuna wingu linalofunika jua mwigizaji akiwa katikati ya maneno. Mwanga unauweka unavyotaka na unakaa hivyo mpaka jioni. Katika miaka ile msimu mmoja wa Bonanza ulikuwa na sehemu zipatazo 34, kila moja ikijaza saa nzima ya televisheni pamoja na matangazo. Ni karibu filamu 34 kwa mwaka mmoja! Kila moja ilipewa siku chache za kazi, kisha watu wale wale wakaanza nyingine.

Haraka hiyo ndiyo inayoeleza mavazi. Mtazamaji makini alijiuliza: watu hawa ni matajiri, wana ardhi isiyo na mwisho, mbona hawabadilishi nguo? Ben na kizibao chake cha ngozi ya kahawia. Adam na mavazi yake meusi. Hoss na shati jeupe na kofia kubwa. Joe na koti lake la kijani. Hivyo hivyo, msimu baada ya msimu. Haukuwa uvivu wa mshonaji. Waandaaji walikwenda Tahoe na milimani kwa siku chache, wakapiga picha nyingi za watu wa Ponderosa wakipita na farasi kando ya maji au wakiteremka kilima, kisha picha hizo wakaziweka akiba. Miezi au miaka baadaye, hadithi ikihitaji Joe apite mbio kwenda mjini, picha ilikuwa tayari kabatini. Koti ni lile lile, na farasi ni yule yule wa mabaka, Cochise. Angebadilisha koti, picha ya akiba isingefaa tena, ingebidi watu, magari na farasi warudi porini kwa gharama.

Farasi wenyewe hawakuwa wa waigizaji, walikodishwa. Ben alipanda Buck, Hoss alipanda Chub, na Chub alihitaji mgongo hasa, maana Dan Blocker aliyeigiza Hoss alikuwa mtu wa karibu futi sita na nusu na uzito wa kilo mia na ushei. Michael Landon, aliyeigiza Joe, alipenda kuruka na kukimbia, lakini kulipokuwa na kuanguka kwa hatari, aliyeanguka mara nyingi alikuwa Bob Miles, amevaa koti la kijani na kuipa kamera mgongo. Mtazameni vizuri Joe anayegaragara vumbini: ni nadra uso wake kuonekana.

Filamu nyingi za kauboi za wakati ule zilikuwa na ufundi wa namna hii. Ngumi ilipita mbele ya taya pasipo kuligusa, kamera ikawekwa upande ambao nafasi ile haionekani, na kishindo kikaongezwa baadaye. Chupa iliyopasuliwa kichwani mwa mtu kwenye baa haikuwa ya kioo. Kwa miaka mingi mafundi walichemsha sukari mpaka ikawa nzito na angavu, wakaimimina kwenye kalibu, ikapoa ikawa chupa inayovunjika kwa mguso na isiyokata ngozi. Kiti kilichovunjwa mgongoni kilichongwa kwa mti mwepesi. Usiku mara nyingi ulipigwa picha mchana, kwa kuweka kichujio cheusi mbele ya lenzi na kubana mwanga, ndiyo maana katika usiku wa makauboi farasi wana vivuli vikali chini yao. Na mlio wa kwato? Mafundi wa sauti wa redio, na baada yao wa filamu, walichukua vifuu viwili vya nazi wakavigongesha kwenye sanduku la changarawe. Watoto wa Pwani mnaocheza na vifuu, jaribuni leo. Polepole ni farasi anayetembea, na mkiongeza kasi kwa mpigo wa tatu tatu, anakimbia.

Haya yote ni gharama na kuokoa gharama. Lakini pesa yenyewe ilitoka wapi, na mwenye pesa alitaka nini?

Mwaka 1959 Wamarekani karibu wote walitazama televisheni isiyo na rangi. Kampuni ya RCA ilikuwa imekwisha kutengeneza seti za rangi, na RCA hiyo hiyo ndiyo iliyomiliki NBC. Seti za rangi zilikuwa ghali mno, na watu walikuwa na swali la haki kabisa: nitoe pesa zote hizo nitazame nini, ikiwa vipindi vyenyewe ni vyeusi na vyeupe? RCA ilihitaji kitu cha kuonyesha. Ikahitaji ziwa la buluu, misonobari ya kijani, farasi wa kahawia, moto mwekundu, na mtu mwenye koti linaloonekana kutoka upande wa pili wa duka. Bonanza ikawa miongoni mwa tamthilia za kwanza kabisa za kauboi kupigwa kwa rangi. Kila sehemu iligharimu zaidi ya dola 100,000, na kwa wakati ule hizo zilikuwa pesa nyingi sana.

Mwanzoni haikupendwa. Ilirushwa Jumamosi saa moja na nusu usiku, na saa hiyo hiyo kituo cha CBS kilikuwa na Perry Mason, hadithi za wakili asiyeshindwa, zilizokuwa na watazamaji tele. Tamthilia nyingine yenye gharama kubwa na watazamaji wachache ingefutwa. Bonanza iliokolewa na rangi yake. Mwaka 1961 ikahamishiwa Jumapili saa tatu usiku, ikapata Chevrolet kuwa mdhamini, ikapanda, na kuanzia msimu wa 1964 mpaka ule ulioisha 1967 ilikuwa ya kwanza kwa kutazamwa Marekani nzima, miaka mitatu mfululizo. Sisi wa huku tunaijua nguvu ya rangi: Zanzibar ilipoanzisha televisheni yake mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilianza na rangi moja kwa moja, na Bara ikaja kupata vituo vyake miaka ya 1990.

Alama iliyoifanya Bonanza ijulikane upesi ilikuwa ramani. Kwa miaka mingi sehemu zake zilianza na ramani ya Ponderosa kwenye karatasi iliyozeeka, muziki unalia kwa kasi, katikati ya ramani panaungua, moto unakula karatasi kutoka ndani kwenda nje, na kwenye tundu lile wanatokea wapanda farasi wakija moja kwa moja kwako. Ramani ilichorwa na msanii Robert Temple Ayres. Alipoipeleka kwa mtayarishaji, David Dortort, Dortort aliipenda lakini akaona kasoro: pande za dunia zilikuwa zimekaa vibaya, na miji ya Reno na Carson City haikuwa mahali pake. Kuichora upya kungechukua muda. Ayres akafanya jambo la akili: akachora dira pembeni, na mshale wa kaskazini akauelekeza juu kushoto badala ya juu moja kwa moja. Kwa hiyo hata leo, anayeisoma ramani ile ni lazima aiinamishe kichwani mwake ndipo iwe sahihi. Ile asili haikuteketea. Dortort aliitunza, na baadaye ikapelekwa kwenye makumbusho ya Autry, Los Angeles.

Muziki nao una kisa chake. Uliandikwa na Jay Livingston na Ray Evans, na ulikuwa na maneno ya kuimbwa. Katika sehemu ya kwanza kabisa watu wanne wa Ponderosa walipigwa picha wakiondoka juu ya farasi wao huku wakiimba wimbo huo kwa pamoja. Waandaaji walipoitazama picha hiyo waliiondoa. Nadhani waliamua vizuri. Ala zikiwa peke yake zinakimbia kama farasi, lakini wanaume wanne wanaojisifu kwa wimbo wangeifanya ranchi yao ionekane ya kuchezea.

Niwaambie sasa habari za watu, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Dortort alikwenda kwa wakubwa wa NBC na majina ya waigizaji wanne ambao karibu hakuna aliyewafahamu. Wakubwa walitaka majina makubwa ya sinema. Yeye akashikilia kwamba televisheni hujitengenezea mastaa wake. Akampata Lorne Greene, Mkanada aliyezaliwa Ottawa mwaka 1915. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Greene alisoma taarifa ya habari kwenye redio ya CBC, na kwa kuwa habari zilikuwa za vifo na miji kuanguka, watu walimpachika jina la Sauti ya Maangamizi. Katika siku zake za redio alibuni saa inayohesabu kurudi nyuma, ili msomaji ajue sekunde ngapi zimebaki badala ya kujua ngapi zimepita. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuja kuwa baba wa Ponderosa. Lakini hesabuni umri wao: mwaka 1959 Greene alikuwa na miaka 44, na Pernell Roberts, aliyeigiza mwanawe mkubwa, alikuwa na miaka 31! Blocker alikuwa na 30. Landon peke yake, mwenye 22, ndiye ambaye Greene angeweza kumzaa kweli. Nywele nazo zilisaidiwa. Greene, Roberts na Blocker wote walivaa wigi kwa nyakati mbalimbali.

Katika sehemu za mwanzo mzee Ben alikuwa mkali. Mgeni akitia mguu Ponderosa anakutana na bunduki kabla ya salamu. Greene hakulipenda jambo hilo. Alidai kwamba watu wenye ardhi kubwa kiasi kile hawawezi kuishi kwa kumfukuza kila anayepita, akaomba Ben awe mtu wa kumkaribisha mgeni na kumsikiliza kwanza. Waandishi wakamsikiliza. Baba ambaye watu walikuja kumpenda kwa misimu 14 alitokana na mwigizaji aliyekataa kusoma maneno jinsi yalivyoandikwa.

Pernell Roberts alikataa zaidi. Alikuwa mtu wa jukwaani, amezoea tamthilia nzito, na alichoshwa na kuona wanaume wazima wakimwomba baba ruhusa ya kila kitu. Alilalamika pia kwamba watu wa mataifa mengine waliigizwa na Wazungu waliopakwa rangi. Mwaka 1965, tamthilia ikiwa kileleni, akaondoka. Wengi walimwona mpumbavu kwa kuacha pesa zile. Mwaka huo huo alikwenda kuandamana Alabama, katika maandamano ya Selma ya kudai haki ya watu weusi kupiga kura.

Na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hili ndilo jambo ambalo kioo hakikulionyesha.

Mwanzoni mwa mwaka 1964 Greene, Blocker na Landon walikuwa wamekubali kwenda Jackson, jimbo la Mississippi, kuonekana kwenye maonyesho makubwa ya viwanda na biashara. Mississippi ya wakati ule ilitenga watu kwa rangi ya ngozi. Wanafunzi wa chuo cha Tougaloo, chuo cha watu weusi kilicho jirani na jiji hilo, waliwaandikia waigizaji wakawaeleza watazamaji wataketishwa vipi. Blocker, mtu wa Texas, mtu wa Kusini mwenyewe, akatuma ujumbe kwamba haji. Greene na Landon nao wakajitoa. Meya wa Jackson akakasirika, akawataka raia wake wasiitazame tena Bonanza. Hata hivyo tamthilia iliendelea kupanda mpaka ikashika nafasi ya kwanza nchini.

Miezi michache baadaye, Aprili 1964, ilirushwa sehemu iitwayo Enter Thomas Bowers. Ndani yake mwimbaji mweusi wa opera, aliyeigizwa na William Warfield, mwimbaji mkubwa kwelikweli, anafika Virginia City alikoalikwa. Wenyeji wakiona rangi yake wanamfungia milango, kisha anasingiziwa kuwa mtumwa aliyetoroka. Mdhamini, kampuni ya General Motors yenye kutengeneza Chevrolet, alikuwa na wasiwasi mkubwa. Dortort alisimulia baadaye kwamba vituo viwili vya Kusini vilikataa kuirusha, na yeye akahakikisha inarudiwa wakati wa marudio ya kiangazi.

Ni haki kuwasifu kwa hilo, na ni haki pia kusema walipopungukiwa. Ponderosa ilikuwa na mtu wa tano. Huyo alikuwa mpishi, Hop Sing, Mchina, na aliyemwigiza ni Victor Sen Yung, aliyezaliwa San Francisco. Alipewa Kiingereza cha kuvunjikavunjika ambacho yeye mwenyewe hakukizungumza, akapewa kukasirika jikoni na kutishia kuondoka ili watu wacheke. Uso wake haukutokea pamoja na wale wanne kwenye ramani inayoungua, wala hakuwa na mkataba kama wao. Alilipwa kwa sehemu alizotokea. Sehemu moja ya mapema, The Fear Merchants ya mwaka 1960, ilithubutu kusimulia jinsi Wachina wa Virginia City walivyochukiwa na kushambuliwa, na hapo Hop Sing anakuwa na ndugu, woga na heshima. Zingekuwapo kumi za namna hiyo! Wachina kwa maelfu ndio waliopasua milima ya Sierra Nevada kupitisha reli, si mbali na ziwa lile lile. Nje ya seti Sen Yung alikuwa mpishi hodari kweli, na mwaka 1974 alitoa kitabu chake cha mapishi ya Kichina.

Ziwa lenyewe lina wenyewe. Kabla ya mchimba madini wa kwanza kufika, Tahoe ilikuwa kitovu cha nchi ya watu wa Washoe, waliovua samaki hapo kila kiangazi kizazi baada ya kizazi, na kizazi chao kipo mpaka leo. Kwenye ramani ya Ayres neno lililoandikwa kwa herufi kubwa ni Ponderosa. Mkiona ramani yoyote ya hadithi, tafuteni na jina ambalo halikuandikwa.

Nimemweka Michael Landon mwisho kwa sababu alikuja mdogo kuliko wote, na chuo chake kilikuwa seti yenyewe. Jina alilozaliwa nalo lilikuwa Eugene Orowitz. Shuleni alikuwa mrusha mkuki mashuhuri, baadaye akaumia bega. Kwa miaka ya mwanzo alikuwa kijana mzuri wa sura anayegombana na kupenda wasichana kwenye kioo. Kisha siku moja kazi ikakaribia kusimama kwa kuwa hapakuwa na mswada ulio tayari kupigwa picha. Landon akajifungia mwisho wa juma, akaandika. Sehemu hiyo, The Gamble, ilionyeshwa mwaka 1962. Akaandika nyingine, na nyingine. Akawa anawauliza mafundi wa taa na kamera kila kitu: kwa nini lenzi hii, kwa nini taa ile iko juu. Mwaka 1968 alianza kuongoza. Mtu aliyekuwa akiambiwa asimame wapi, sasa ndiye aliyewaambia wengine.

Ilikuwa vizuri kwamba alijua kazi hiyo, maana tarehe 13 Mei 1972 Dan Blocker alifariki ghafla baada ya upasuaji. Alikuwa na miaka 43. Blocker aliwahi kuwa mwalimu wa shule, askari katika vita vya Korea, na hapo kwenye seti ndiye aliyependwa na kila mtu kuanzia mlisha farasi. Waandaaji hawakumtafuta mtu mwingine mnene wakamvika kofia ya Hoss. Katika msimu uliofuata hadithi yenyewe ilikubali kwamba Hoss amekufa, jambo ambalo tamthilia za wakati ule hazikuwa na desturi ya kulifanya. Palikuwa na hadithi iliyokusudiwa kumwoza Hoss, kumpa mke hatimaye. Landon aliichukua, akaiandika upya Joe awe ndiye anayeoa na kufiwa, akaiongoza mwenyewe, na Septemba 1972 ikawa ufunguzi wa msimu wa mwisho. Iliitwa Forever. Joe analia ndani yake, na waliokuwa nyuma ya kamera walijua analilia nini.

Msimu ule haukumalizika. Walikuwa wamehamishwa kutoka Jumapili kwenda Jumanne, watazamaji wakapungua, na Januari 1973 NBC ikafunga kazi. Landon alikuwa na miaka 36. Mwaka uliofuata alirudi kwenye televisheni na Little House on the Prairie, akiwa mwigizaji, mwandishi na mwongozaji, na alipounda kikosi chake aliwaita watu wa Ponderosa: Kent McCray kusimamia uzalishaji, Ted Voigtlander kushika kamera, David Rose kuandika muziki. Majina yao yanapita upesi mwishoni mwa kila sehemu, kwa herufi ndogo, wakati watu wameshainuka kwenda kulala. Siku mkitazama, kaeni mpaka yaishe.